Lumbesa Angani: FlightGear Inajua Fizikia, Haijui Mizani

Jumamosi iliyopita, kabla ya chai ya saa nne, nilikuwa nimeshaanguka na ndege mara mbili kwenye Mlima Lupanga. Mara zote mbili tulikuwa wanne ndani, tangi zimejaa, na mara zote mbili tulijikita kwenye mteremko huko juu ya Kilakala, hata usawa wa Morningside hatujafika. Hakuna aliyeumia. Ndege ilikuwa ya kwenye kompyuta, na abiria wangu watatu walikuwa namba nilizoziburuta kwa kipanya.

Nilikuwa najiandaa kwenda klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari hapa Morogoro. Mwalimu wao wa fizikia alituomba, sisi wa uzamili, tuwaonyeshe vijana kitu kinachotembea, kwa sababu wameshachoka na michoro ya mishale ubaoni. Nikachagua simuleta ya ndege. Nikachagua FlightGear kwa sababu ni ya bure, ilianza kutengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na mtu yeyote anaweza kufungua mafaili yake akasoma kilichoandikwa ndani. Haya hapa chini ni maoni yangu baada ya wiki tatu nayo. Sitaongelea michoro wala sauti za injini. Naongelea dirisha moja tu, lile la mafuta na mzigo, kwa sababu naona ndilo sehemu bora kuliko zote katika simuleta hii, na hapo hapo ndipo inapodanganya.

Kwa asiyewahi kuliona: unafungua menyu ya vifaa, linatokea dirisha dogo lenye vitufe vya kuburuta. Kimoja tangi la kushoto, kimoja la kulia, halafu rubani, abiria wa mbele, abiria wa nyuma, mizigo. Unaburuta, namba inapanda au inashuka, na chini unasoma uzito wa jumla. Basi. X-Plane na Microsoft Flight Simulator nazo zina dirisha kama hilo, limepambwa zaidi tu. Wengi wanaocheza hawalifungui kabisa. Wanakaa, wanawasha injini, wanaruka na chochote walichopewa.

Sasa nianze na sifa, maana inastahili.

Ndani ya FlightGear, Cessna 172P si picha inayosogezwa. Ni faili lenye uzito wa ndege tupu, na nukta kadhaa, kila moja na uzito wake na umbali wake kutoka sehemu ya kupimia. Kila sehemu ndogo ya sekunde programu inajumlisha yote hayo upya: ndege ina uzito gani sasa, kitovu cha uzito kiko wapi, mabawa yanatoa nguvu kiasi gani, injini inasukuma kiasi gani. Mafuta yakiungua, uzito unapungua, na ndege inabadilika tabia kidogo kidogo bila wewe kuambiwa. Hakuna mahali mtu ameandika "ikiwa nzito, ipande polepole". Upolepole unajitokeza wenyewe kutoka kwenye hesabu. Kwa mwanafunzi aliyekariri kwamba nguvu ni tungamo mara mchapuko na hajawahi kuona hilo likimgusa popote, hii ni maabara ambayo shule zetu nyingi hazitaipata kwa bei yoyote, na hapa ni bure.

Turudi Lupanga, nieleze kwa nini nilianguka. Nilipiga hesabu kwa kalamu baadaye, ningepaswa kuipiga kabla.

Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kiko mita 2,138, na ukikitazama kutoka katikati ya mji hakizidi kilomita nane kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana unakiona kama kimekuinamia. Siku ya joto la nyuzi 32, ambayo Moro mnaijua, hewa inatanuka na kuwa nyepesi. Ukitumia kanuni ya kawaida ya marubani, ya kuongeza futi 120 kwa kila nyuzi moja ya joto iliyozidi kiwango cha mwinuko huo, utaona kwamba ndege iliyosimama hapa mita 500 inajihisi iko kama mita 1,240. Injini inavuta hewa haba, propela inasukuma hewa haba, bawa nalo linakanyaga hewa haba.

Kitabu cha Cessna 172P kinasema ndege hii ikiwa na uzito wake wa juu, paundi 2,400 au kilo 1,089, inapanda futi 700 kwa dakika ikiwa usawa wa bahari na hali ya hewa ya kawaida. Hizo ni kama mita 213. Kadiri unavyopanda uwezo huo unapungua, hadi futi 13,000 ambako umebaki futi 100 tu kwa dakika. Ukichora mstari kati ya namba hizo mbili, utapata kwamba juu ya Morogoro siku ya joto ndege inaanza na mita 156 kwa dakika, na ikifika karibu na usawa wa kilele imebaki na kama 90. Tuseme wastani ni 120. Ili nipite juu ya Lupanga na mita 300 za usalama, nahitaji kupanda mita 1,940. Hizo ni dakika 16. Na kwa mwendo wa kupandia, ndege inakula kilomita mbili na nusu kila dakika.

Kilomita nane ni dakika tatu na kidogo. Katika dakika tatu nitakuwa nimefika mita 950 au 1,000. Mlima una 2,138. Kwa hiyo swali la kama nitagonga halikuwepo, lilikuwepo la mahali gani, na jibu ni huko huko juu ya Kilakala.

Nikajaribu na ndege nyepesi: watu wawili, tangi nusu, kama kilo 885. Hapo kila nguvu farasi inayobaki ina uzito mdogo wa kuinua, na kwa hesabu ya haraka unapata nyongeza ya angalau asilimia 23. Dakika 16 zinashuka chini ya 13. Kwenye simuleta niliona hivyo, ndege ilikuwa na uhai. Lakini dakika 13 bado ni zaidi ya kilomita 30! Hata ukiwa mwepesi, huendi Lupanga kwa mstari ulionyooka. Unazunguka kwanza juu ya Kihonda au bwawa la Mindu, unapanda, ndipo unageukia mlima. Dirisha la mzigo lilinifundisha hilo kwa asubuhi moja, na nisingelijua kwa kusoma.

(Kumbuka pia kwamba Uluguru ya FlightGear imejengwa kwa data za urefu wa ardhi zilizochukuliwa na chombo cha angani Endeavour, Februari 2000. Data hizo zinapima nukta moja kila mita 90 hivi, kwa hiyo migongo myembamba ya milima inakatwa ncha. Mlima niliougonga mimi ni mpole kuliko wa kweli.)

Hadi hapo ningeweza kuandika makala ya kusifia, nikaondoka. Tatizo lilianza nilipofika klabu.

Kabla ya kuruka niliwaambia vijana: tujaze uzito wa watu halisi. Abiria wanne: mimi, wenzangu wawili wa maabara, na mwalimu wao. Kila mtu ataje kilo zake. Tukataja. Jumla kilo 268. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye tulikuwa tumempa kazi ya kuandika, akaniuliza: "Dada, hizo kilo mmepima lini?"

Nikacheka. Mimi mara ya mwisho nilipima kabla ya kuanza uzamili, na chakula cha uzamili ni chipsi.

Nje ya geti kulikuwa na kijana wa mizani, hawa wanaopima uzito na urefu pembeni mwa barabara. Tukaenda wote, klabu nzima nyuma yetu wakishangilia kila namba. Jumla halisi: kilo 291. Mabegi yetu, ambayo hakuna aliyeyataja, kilo 31. Yaani 322. Sasa angalia. Ndege tupu kwenye faili ni kama kilo 680. Tangi za kawaida zikijaa, mafuta yanayotumika ni lita 151, na petroli ya ndege ina kama kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo kilo 109. Ukitoa vyote kwenye 1,089, zinabaki kilo 300 za watu na mabegi. Kwa namba tulizotaja kwa mdomo tulikuwa salama, na nafasi ya kilo 32 mkononi. Kwa namba za mizani tulikuwa tumezidisha kilo 22.

Hapo ndipo nilipoona kasoro. Dirisha la simuleta halina swali la yule binti. Ukiburuta hadi 75, abiria ana 75, kamili, bila shaka yoyote, hadi atakapotua. Ulimwengu wa simuleta hauna uzito usiojulikana. Ulimwengu wetu una karibu huo tu.

Mtu wa Morogoro anapaswa kulielewa hili haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu tunaishi na lumbesa. Mkulima anateremsha mazao kutoka Mgeta, mnunuzi anakuja na gunia lake, linajazwa, halafu linashonewa kilemba juu ya mdomo, na bado linaitwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakikataza kwa miaka, wakisema kifungashio kisizidi kilo 100, na bado ukienda sokoni utasikia "gunia ni gunia". Mkulima analipwa gunia moja. Dereva anabeba gunia moja. Ila ekseli ya Fuso haijui kuhesabu magunia, inajua kilo. Ukiweka gunia hilo kwenye kidirisha cha simuleta kama "kilo 100", fizikia yote nzuri niliyoisifu hapo juu itapiga hesabu sahihi kabisa ya safari isiyokuwepo.

Na hii si hadithi ya sokoni tu. Usafiri wa anga wenyewe, pamoja na ukali wake wote, uliwahi kujiburutia namba ya kubuni. Vitabu vya Cessna 172 vinatoa mfano wa kujaza mzigo wenye watu wawili mbele, paundi 340, yaani kilo 77 kila mmoja, na mifano ya namna hii ndiyo inayogeuka kuwa mazoea. Mashirika ya ndege nayo yana wastani wake unaokubaliwa na mamlaka, kwa sababu hakuna anayetaka kupimisha abiria mmoja mmoja. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ndogo ya Beechcraft 1900D ya Air Midwest ilianguka mara tu baada ya kuruka Charlotte, Marekani, wakafa wote 21. Mafundi walikuwa wamefunga vibaya nyaya za usukani wa mkia, hivyo rubani hakuweza kuinamisha pua vya kutosha. Lakini juu ya hilo, kitovu cha uzito kilikuwa nyuma kupita mpaka, na karatasi ya mzigo ilisema kila kitu kiko sawa. Ilisema hivyo kwa sababu ilitumia wastani wa zamani. Wamarekani walikuwa wamenenepa, wastani haukuwa umenenepa nao. Mamlaka yao ikapandisha namba baada ya hapo.

Ona jinsi kitovu kilivyoingia hapo. Wachezaji wengi wa simuleta wanaangalia jumla tu, wakiona haijapita mpaka wanaruka. Dereva wa lori anayepita mizani ya Vigwaza angewacheka. Yeye anajua unaweza kuwa chini ya tani 56 za sheria na bado ukakamatwa, kwa sababu ekseli moja imezidi. Ataambiwa apange mzigo upya, hakuna kilichoongezeka wala kupungua, kimesogea tu. Ndege ni hivyo hivyo, ila ikielemewa nyuma haitozwi faini, inainua pua na haikubali kuishusha. Kwenye FlightGear hili linafanya kazi vizuri: ondoa mtu wa mbele, weka mzigo wote nyuma kabisa, jumla ile ile, uone usukani unavyokuwa mwepesi na wa hatari. Fanyeni na wanafunzi, ni dakika tano.

Mafuta nayo yana sura yake. Kwetu tangi lililojaa ni baraka. Mwenye bodaboda anayejaza "full" ni tajiri wa siku hiyo. Simuleta nayo inakuzoesha hivyo, ni rahisi sana kuburuta hadi mwisho. Lakini chukua safari ya Dar hadi Morogoro, kama kilomita 170 kwa hewa. Cessna 172 inatembea kilomita 200 kwa saa hivi na kunywa lita 30 na kitu kwa saa. Haifiki saa moja. Weka akiba ya dakika 45, weka ziada ya kuwasha na kupanda, bado lita 70 zinatosha kwa siku yenye hali nzuri. Ukijaza 151 umebeba lita 80 za kutalii, ambazo ni kilo 58. Huyo ni mtu mzima mwembamba. Umemwacha mtu chini ili ubebe petroli usiyoihitaji. Kwenye Cessna Caravan, zile zinazopeleka watalii Nyerere na Mikumi, tangi zikijaa ni kama tani moja ya mafuta, robo ya uzito wote wa ndege wakati wa kuruka. Ukiwahi kushangaa kwa nini safari hizo zinakuambia begi liwe laini na lisizidi kilo 15, hesabu yake iko hapo.

Kasoro yangu ya pili iko kwenye vipimo. Katika toleo nililotumia, namba zilikuja kwa paundi na galoni. Vijana wetu wanafikiri kwa kilo na lita. Nilitumia dakika kumi za klabu kubadilisha, na vijana wawili wakakosea, na sikuwalaumu, kwa sababu kosa hilo limewahi kufanywa na watu wenye vyeti. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Kanada ilikuwa inahama kutoka paundi kwenda kilo. Waliokuwa wakipiga hesabu walikuwa na lita 7,682 kwenye tangi, wakazidisha kwa 1.77, wakapata 13,597, wakaamini ni kilo. Ile 1.77 ni ya paundi kwa lita. Ya kilo ni 0.8. Ndege ikaondoka na paundi 22,300, chini kidogo ya nusu ya ilichohitaji, na injini zote mbili zikazima ikiwa angani. Marubani waliiteremsha kama mwewe, bila injini, hadi kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai. Namba kwenye karatasi ilikuwa sahihi, jina la kipimo pembeni yake ndilo lililokuwa la uongo. Simuleta inayofundisha wanafunzi wa dunia nzima ingeweza kuwa na kitufe kimoja tu cha kuchagua vipimo.

Sasa nikiri jambo. Kwenye rasimu ya kwanza ya makala hii niliandika lawama ya tatu: kwamba simuleta haikukatazi. Unaburuta hadi unapita uzito wa juu, inakuonyesha umepita, na bado inakuruhusu kuruka. Niliona ni uzembe. Mwenzangu wa maabara akasoma, akauliza, "Kwani ndege ya kweli inakataza?"

Haikatazi. Hakuna waya kwenye Cessna unaozima injini ukizidisha kilo 22. Tena kilo 22 peke yake, siku ya baridi, kwenye uwanja mrefu, ndege itaruka vizuri tu, na hiyo ndiyo hatari yake: jana iliruka, juzi iliruka, kesho tunaongeza kidogo. Tarehe 8 Januari 1996 huko Kinshasa, Antonov An-32 iliyozidishiwa mzigo ilikimbia kwenye uwanja wa N'Dolo, ikashindwa kuinuka, ikapitiliza hadi ndani ya soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, karibu wote wakiwa sokoni, watu ambao hawakuwa na tiketi. Hakuna chombo kilichokataa siku ile. Anayekataa ni mtu, na mtu huyo awe na karatasi ya mzigo mkononi, na awe tayari kumwambia mwenye gunia, au bosi wake mwenyewe, kwamba hili halipandi.

Kwa hiyo lawama hiyo naifuta. FlightGear iko sahihi kuruhusu. Ninachoilaumu ni kitu kilicho karibu nayo: inakuruhusu kubadilisha ukiwa angani. Unaruka na watu wanne, ndege inashindwa kupanda, mlima unakuja, unafungua dirisha na kuburuta abiria wawili wa nyuma hadi sifuri. Wametoweka juu ya Mindu. Ndege inaruka kama kipepeo. Nimewaona vijana wakifanya hivyo ndani ya dakika mbili za kugundua, na mimi mwenyewe, jamani, nilifanya jaribio la tatu Lupanga. Nilipita. Ni raha sana, ila sikujifunza chochote, kwa sababu uzito ni uamuzi unaofanywa chini, mapema, kabla hujajua utajutia nini. Ukiweza kuurudia angani unabaki mchezo wa vitufe. Kuna wanaohitaji uhuru huo, mtu anayepima tabia ya ndege kwa mfano, sawa. Lakini kwa matumizi ya darasani kingefaa kiwepo kifungo cha kuufunga: ukishawasha injini, dirisha la mzigo limekufa.

Kwa kuwa hakipo, tumekitengeneza kwa karatasi. Kanuni ya klabu sasa ni kwamba kompyuta haiguswi hadi karatasi ya mzigo ijazwe kwa kalamu, kwa kilo, kila namba ikiwa na maelezo ya jinsi ilivyopatikana: imepimwa, imeulizwa, au imekisiwa. Iliyokisiwa inaongezewa asilimia kumi. Ofisa mzigo anasaini, rubani anasaini, halafu mwalimu anashika kipanya, na hakuna anayefungua lile dirisha tena hadi ndege itue au igonge.

Ofisa wa kwanza alikuwa yule yule binti. Alikuwa na 322 zetu mbele yake na nafasi ya 300. Mwalimu akasema mabegi yabaki. Binti akasema mabegi yana kompyuta za wageni, heri tupunguze mafuta. Kilo 22 kugawa kwa 0.72, lita 31. Zinabaki 120, karibu saa nne angani. Akauliza kama kuna mtu anapinga. Hakuna. Akachukua kalamu asaini, akasimama.

"Ile mizani ya nje," akasema, "ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo?"

Tukatazamana. Kijana wa mizani alikuwa ameshahama. Wiki iliyofuata tulipima upya kwenye mizani ya duka la nafaka, yenye stika ya mwaka huu, watu wale wale na mabegi yale yale: 326. Akachana karatasi ya kwanza, akaandika nyingine, na mafuta yakashuka lita sita zaidi.